Mti wa Kuitia

Jirani yangu hapa Nakuru ana mti langoni, umechongoka juu, na kila Desemba anauzungushia taa. Anauita mwerezi. Nimemwambia mara tatu, na mara ya tatu sikuwa na adabu sana, kwamba ule ni saipresi, mti wa kuletwa, unaokubali popote hata kando ya choo. Mwerezi una maringo, huchagua pa kukaa. Akanijibu kwamba mti ni mti. Niliingia ndani nikakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Sibishani kwa sababu ya elimu. Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule, na miti ninayoijua ni ile niliyoonyeshwa na baba yangu. Tena mimi ni mwoga, afadhali niseme mapema. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa simu inayolia kabla jua halijachomoza. Lakini kuna asubuhi moja ambayo woga wangu nusura ugharimu uhai wa mtu, na tangu hapo mtu akiutaja mwerezi kwa mzaha sipendi.

Kwetu ni juu ya Molo, upande wa kuelekea Kuresoi, pale ambapo shamba la viazi linaishia na msitu unaanza. Ua wetu ni wa nguzo za mwerezi ambazo baba alizipasua kwa mikono yake kabla mimi sijazaliwa. Zimegeuka rangi ya majivu, zimeota magamba ya kijani, waya umebadilishwa mara nyingi, lakini hakuna nguzo hata moja iliyooza. Mama hupenda kusema kwamba zitatuzika sote.

Baba alikuwa mpasuaji wa nguzo. Wakati huo ilikuwa kazi halali, yenye kibali, na vijana wa kwetu waliingia msituni makundi makundi na mashoka, kabari za chuma na nyundo nzito. Mwerezi ukishaangushwa na kukatwa vipande, unatia kabari, unapiga nyundo, na gogo linafunguka moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani ni mwekundu na unanuka penseli mpya. Baba alirudi nyumbani na harufu hiyo kila jioni, na mimi nilipoanza shule na kupewa penseli ya kwanza, nilidhani ametumwa mtu kumchukua baba ampeleke darasani.

Alinifundisha msitu kwa miguu. Ukitoka shambani kwetu unapita kwanza saipresi za serikali, zimepandwa kwa mistari, chini yake hakuna kitu, hata ndege hawapendi. Ukizimaliza unateremka kwenye kijito, na hapo ndipo penye podo, miti minene yenye majani marefu membamba, mashina yamevaa kuvu na ndevu za kijivu zinaning'inia kila tawi. Ukivuka kijito unaanza kupanda. Udongo unapungua, mawe yanatokeza, upepo unakupiga usoni, na hapo ndipo mierezi ilipo, pamoja na mizeituni ya mwituni iliyokunjana. Magome ya mwerezi yanachanika kwa nyuzi ndefu. Miti ya kike ina matunda madogo ya rangi ya zambarau, na ya kiume haina kitu. Ukiendelea juu zaidi, kwenye baridi na mianzi, mwerezi unakata tamaa, huuoni tena.

"Podo anapenda kukaa miguu ikiwa kwa maji," baba alikuwa akiniambia. "Seda anataka jiwe na upepo." Sisi nyumbani hatukusema mwerezi, tulisema seda. Maana yake ilikuwa kwamba hata ukungu ukikufunika usione mkono wako, gusa tu shina la karibu nawe, utajua uko wapi.

Ukungu wa kwetu ni wa kweli. Julai unaweza kushuka asubuhi na usiondoke mpaka saa nane mchana. Wapasuaji walikuwa na mpango wao kwa siku hizo. Mwerezi una ugonjwa wake, unaoza moyoni huku nje ukionekana mzima, kwa hivyo hakuna aliyeangusha mti kabla ya kuugonga kwa upande butu wa shoka na kusikiliza. Uliojaa ulitoa sauti kavu, fupi, na ukaangushwa. Uliooza ndani ulivuma, na ukaachwa. Karibu na kambi yao walichagua mmoja wa hiyo iliyoachwa, wenye tundu kubwa na mvumo wa kufika mbali, wakaufanya mti wa kuitia. Sauti ya mtu hupotea kwenye ukungu, inatoka pande zote kwa wakati mmoja, lakini mti wenye tundu unaugonga na mtu anajua aelekee wapi. Ishara ilikuwa mara tatu, polepole, kisha kunyamaza kwa muda wa kumngoja aliye mbali ajibu.

Nilijua haya yote kwa sababu mimi ndiye niliyepeleka chai. Nilikuwa na miaka saba au minane. Mama alinipa mkebe wa chai wenye mfuniko na kijiko, nikavuka kijito, na ukungu ukinikuta pale penye mierezi ya kwanza niliamriwa nisimame, nisisogee hata hatua moja. Baada ya muda baba alikuwa akigonga. Tatu. Mimi nilijibu kwa kijiko juu ya mfuniko, mara mbili. Yeye tatu, mimi mbili, nikifuata sauti hivyo hivyo mpaka nikamwona amekaa chini ya mti wa kuitia, miguu ameinyoosha, ananingoja. Hakuwa akinywa chai iliyoletwa na mtu mwingine. Wenzake walimtania kwa hilo.

Miti mizuri iliisha, vibali vikakoma, na siku hizi kukata mwerezi ni kosa la kupelekwa kortini. Iliyobaki kule kwenye mgongo wa kilima ni ile mibovu ambayo akina baba waliigonga wakaikataa. Baba naye alirudi kwenye viazi, akazeeka, na miaka michache iliyopita akaanza kusahau. Kwanza majina ya wajukuu, kisha njia ya kanisani, kisha sisi. Mama alianza kufunga lango kwa mnyororo, kwa sababu mara mbili baba alikuwa ametoka alfajiri na kupatikana barabarani akielekea Keringet, anamwambia kila aliyemkuta kwamba amechelewa kazini.

Julai iliyopita nilipanda kutoka Nakuru kukaa nao wiki moja. Goti la mama lilikuwa limevimba, hakuweza kufika hata langoni, kwa hivyo kazi ya kumwangalia baba ikawa yangu. Siku ya tatu niliamka mapema nikaenda kuchukua maziwa kwa jirani. Mikono yangu ilikuwa imeganda, mnyororo ulikuwa na umande kama barafu, nikajiambia ni dakika kumi tu. Nikautundika kwenye nguzo bila kuufunga.

Niliporudi kitanda cha baba kilikuwa tupu. Mablanketi yalikuwa bado na joto kidogo, au labda nilitaka tu yawe na joto. Lango lilikuwa wazi.

Mama hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko kama angenichapa. Aliketi kitandani akiwa ameshika goti lake na kuita majirani kwa simu mmoja mmoja, sauti yake shwari kabisa. Wanaume wakaja. Wengine wakaenda barabarani kwa kuwa ndiko alikozoea kupatikana, wengine wakafuata kijito upande wa chini, na walipotaja kijito hakuna aliyenitazama usoni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya jikoni. Mama akajaza chai thamosi ya chuma, akanikabidhi, akasema baba atakuwa amekwenda juu kwa seda, yeye anamjua, ameishi naye.

Jirani mmoja alinishika mkono langoni. Tumekua pamoja, si mtu wa kutia chumvi.

"Usiende huko juu peke yako, dada," aliniambia. "Kuna watu wanaiba seda. Siku hizi hawatumii power saw, inaskika mbali. Wanangojanga fog kama hii, wanagonga na shoka pole pole. Mwezi jana walipata mtu amewaona, wakamchapa vibaya sana."

Aliniomba nimngoje akusanye wengine. Nilitamani kumngoja, Mungu ananijua. Lakini nilikuwa nikiona ule mnyororo umening'inia kwenye nguzo, na aibu ikanisukuma kwenye miti kabla woga haujanishika vizuri.

Kwenye saipresi niliita. "Baba." Sauti yangu haikwenda popote. Nikaita tena, nikaona najitisha mwenyewe, nikaacha. Nilifika kwenye podo kwa kujua tu kwamba ardhi imelainika na matone yanaanguka mfululizo ingawa hakuna mvua. Nilitafuta alama za miguu kwenye tope la kivuko, nikaona moja, ya kiatu cha mpira cha kushoto. Alikuwa amepita. Alikuwa na nguvu kiasi gani, mtu wa umri ule, na koti lake limebaki nyuma ya mlango.

Nikavuka, nikapanda. Mawe yakaanza. Niligusa shina moja, nyuzi za gome zikabaki mkononi, nikajua nimefika kwenye mierezi. Ndipo nikasikia mlio wa kugonga mti.

Ulikuwa mzito, wa mbali kidogo, juu yangu upande wa kulia. Ukanyamaza. Ukaja tena.

Nieleze nini. Watu husema moyo ulisimama, wangu ulifanya kinyume, ulikimbia mpaka nikausikia masikioni. Maneno ya jirani yalikuwa bado yamoto kichwani. Fog, shoka, polepole. Sikufikiri jambo lingine lolote. Nililala chini nyuma ya mwerezi ulioanguka, kwenye majani yanayowasha, yakanichoma shingo na mikono na sikusogea. Kisha nikakumbuka simu. Niliwaza mama atapiga, italia, na hao watu watanifikia kwa hatua ishirini. Nikaizima.

Nililala pale karibu saa nzima. Hili sijamwambia mama mpaka leo.

Mlio uliendelea. Ulisimama, ukaendelea. Nilianza kuwaona watu kwenye ukungu, wawili, watatu, kila kisiki kilikuwa na kichwa. Nilimwomba Mungu kwa maneno ya kitoto. Niliomba pia baba awe ameenda barabarani, awe popote isipokuwa hapa, kwa sababu kama yuko hapa nao wamemkuta, basi. Vumbi la gome lilikuwa limeniingia kooni, kikohozi kikapanda. Nilijiziba mdomo kwa leso, nikaiuma, machozi yakatoka, na bado kikanitoka. Nilikohoa mara mbili.

Mlio ulikatika hapo hapo.

Nikajua nimekwisha. Niliukumbatia udongo. Kimya kilikuwa kirefu sana, kisha ule mlio ukaanza tena, safari hii kwa nguvu na kwa haraka, gonga, gonga, gonga, kimya, gonga, gonga, gonga, na nikaelewa kwamba wamenisikia na wanafurahi. Ndivyo nilivyoelewa. Nilikuwa nimeshika ile thamosi kifuani, chai yenye joto ya baba yangu, ninajipasha nayo.

Kilichoniamsha si ushujaa. Ni kwamba mlio ulianza kuchoka. Mapumziko yakawa marefu, na sauti ikashuka, mpaka ikawa ya mtu anayebisha hodi mahali anapojua hakuna mtu. Nikawaza kwamba wezi wa miti hawachoki hivyo, wao hupokezana. Nikawasha simu, nikiwa nimeifunika kwa leso, nia yangu ni kumwomba jirani aharakishe. Kabla sijapiga ikaingia ya mama.

"Uko wapi? Nimekupigia, nimekupigia, umezima."

Nikanong'ona kwamba kuna watu hapa.

"Sikiza. Nyundo haiko."

"Nyundo gani?"

"Ya babako. Ile ya kupasua nguzo. Haiko chini ya kitanda."

Nilibaki na simu sikioni. Juu yangu mtu akagonga mara moja. Nikahesabu. Mara ya pili. Nikahesabu. Ya tatu ilikawia sana, ikaja dhaifu, kisha ule muda wa kunyamaza ambao niliufahamu kabla sijajua kusoma.

Nilikimbia. Nilianguka kwenye mawe, nikachubuka magoti, nikainuka. Nilikuwa nikipiga kelele "Baba, Baba," nikasahau kila nilichofundishwa, na ukungu ukanirudishia sauti yangu kutoka pande zote. Mlio ulikuwa umekoma. Sikujua tena niko wapi. Woga ule wa kwanza ulikuwa wa watu, huu ulikuwa mwingine kabisa, kwamba amegonga mara ya mwisho na mimi nilikuwa nimelala chini nikimsikiliza.

Nikajilazimisha kusimama. Nikaokota jiwe, nikapiga thamosi, mara mbili. Hakuna. Nikapiga tena. Nikangoja mpaka nikadhani nitapasuka. Kisha, upande wa kushoto, karibu kabisa, pigo moja.

Alikuwa ameketi kwenye tundu la mti wa kuitia, mgongo wake umeegemea ndani, miguu ameinyoosha. Mti ulikuwa ni ule ule, umenenepa, upande mmoja umekufa na mwingine bado una majani. Alivaa shati la kulalia na sweta, na kiatu kimoja. Mguu mwingine ulikuwa mtupu, na rangi yake sikuipenda. Nyundo ilikuwa mapajani, vidole vyake vimeganda kwenye mpini. Midomo ilikuwa imepoteza damu. Akaniangalia, akatabasamu kwa heshima, jinsi mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Habari ya asubuhi, mama," akasema. "Umepotea?"

Nikapiga magoti. Nikavua koti langu nikamfunika, nikavua soksi zangu nikamvisha, nikimwambia Baba, ni mimi, ni mimi. Akaniacha nifanye yote hayo kwa upole. Nikamimina chai, mvuke ukapanda, nikampelekea mdomoni. Akageuza uso.

"Asante, mama. Mimi nangoja yangu. Mtoto wangu ndiye huniletea."

Nikamwambia hii ndiyo yake. Akatikisa kichwa.

"Yuko hapa karibu. Nimemskia akikohoa. Nimegonga, nimegonga, haji." Akatazama ukungu. "Nafikiri ameogopa."

Nikamwambia twende nyumbani, mtoto atatufuata, anaijua njia. Nikamshika kwapani nimwinue. Mwili wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia lakini alijikaza, akashikilia kingo za tundu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa kali.

"Wewe unaweza kuacha mtoto kwa msitu?"

Nikampigia jirani. Akasema wanakuja, wako chini kabisa kwa kijito, itachukua muda. Nikamtazama baba. Alikuwa ameacha kutetemeka, na niliwahi kusikia kwamba mtu wa baridi akiacha kutetemeka si habari njema. Chai ilikuwa mkononi mwangu na hakuitaka. Alikuwa ameamua kukaa pale mpaka mtoto aje, na mtoto alikuwa amechutama mbele yake na nywele za mvi.

Nilifunga thamosi. Nikamwambia, kwa kuwa ndivyo alivyoniita, kwamba mimi mama mpita njia nakwenda kumtafuta huyo mtoto, yeye agonge tu, asiache kugonga. Akaitikia.

Kuondoka pale ndilo jambo lililonitisha kuliko yote ya siku hiyo, hata kuliko wezi. Nilirudi nyuma nikihesabu mierezi, nikiigusa, mmoja, wa pili, wa tatu. Kwenye wa tano sikumwona tena. Nikasimama, nisisogee hata hatua moja. Niliwaza amekwisha kusahau. Anasahau kula akiwa na kijiko mdomoni, itakuwaje anikumbuke mpaka sasa. Matone yalikuwa yakianguka. Huko mbali mtu aliita jina la baba na akajibiwa na mtu mwingine.

Ndipo akagonga. Moja. Mbili. Tatu.

Nikapiga thamosi kwa jiwe, mara mbili.

Kimya kidogo, halafu tatu tena, kwa nguvu zaidi, sijui alizitoa wapi. Mimi mbili. Yeye tatu. Nilitembea polepole kama inavyotakiwa, mwerezi kwa mwerezi, ingawa mwili wangu wote ulitaka kukimbia. Alipoonekana alikuwa ameinua shingo na kunitazama moja kwa moja, na hakuna adabu ya mgeni iliyobaki usoni mwake. Alikuwa amekasirika.

"Umekawia," akasema.

"Nimekawia, Baba."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo tu. Niliogopa."

Akanyoosha mkono, nikampa kikombe. Akanywa chote, akanirudishia, nikajaza tena, akanywa na hicho. Kutetemeka kukamrudia, meno yakagonga ukingo wa kikombe, nikashukuru. Nilikuwa nikilia na sikujificha. Akanitazama nikilia kwa muda, akajipangusa mdomo kwa kiganja.

"Siku ingine ukiogopa, gonga," akasema. "Mimi niko."

Kisha akanishikisha nyundo, akajiinua mwenyewe kwa kushikilia mti, na tukaanza kuteremka kuelekea kwenye podo.